Mnataka kurudi 2007? Kuna wasee walirudi kweli

Kila mtu ana mwaka ambao angependa kurudi. Mamangu ana wake, huutaja kila bei ya unga ikipanda. Wangu ni 2010, juu nilikuwa na miaka saba na sikuwa najua karo ni nini.

Wengi wetu tukisema hivyo tunapiga tu story. Lakini kuna watu ambao mwaka wa 2013 waliupigia kura mwaka waliotaka kurudi, wakashinda, na wakarudi. Walifungua kompyuta wakakuta Agosti 2007 inawangoja, miti mahali pake, ng'ombe mahali pao, kila kitu. Mpaka leo wengi bado wako huko. Mwaka jana hata mimi nilienda, na huko ndiko nilimwambia mtu wa familia yangu kitu ambacho nilikuwa nimekificha miezi mitano.

Hii ni historia ya gemu inaitwa RuneScape. Kama wewe si mtu wa magemu, usitoke. Mwisho wa siku hii ni story ya watu na muda.

Gemu iliyoanzia nyumbani kwa wazazi

Tarehe 4 Januari 2001, kijana Muingereza anaitwa Andrew Gower, mwanafunzi wa Cambridge, alifungulia watu gemu aliyoiandika akisaidiwa na ndugu zake, Paul na Ian. Hakukuwa na ofisi. Kazi ilianzia nyumbani kwa wazazi wao, Nottingham. Kampuni yao, Jagex, ilikuja baadaye.

Gemu yenyewe ukiieleza inaboesha. Unapewa kamtu kamoja kwa ulimwengu wa mapanga na uchawi. Unakata miti, unavua samaki, unachimba madini, unapika, unapigana. Kila kazi ina kiwango chake, kuanzia 1 mpaka 99. Hakuna mwisho, hakuna siku utaambiwa umemaliza. Tofauti na gemu nyingi za wakati huo ni kwamba hao watu wengine unaowaona wakikata miti kando yako ni watu wa ukweli, mmoja ako London, mwingine ako Texas, na unaweza kuwaongelesha, kuwauzia samaki, au kuibiwa nao.

Kilichoifanya ishinde ni ufukara wake. Iliandikwa kwa Java, ikachezwa ndani ya dirisha la kawaida la intaneti. Hukuhitaji kununua CD, hukuhitaji kuingiza chochote kwa mashine, hukuhitaji kompyuta ya nguvu. Mwaka wa 2002 walianzisha malipo ya kila mwezi kwa wale walitaka sehemu zaidi za ulimwengu huo, lakini mlango wa mbele ulibaki wazi bila pesa. Watoto wakaicheza kwa kompyuta za maktaba ya shule, mwalimu akigeuka wanaifunga. Machi 2004 wakatoa toleo jipya, RuneScape 2, na huo ndio uso ambao watu wengi wanaukumbuka. Kufikia 2012, akaunti zaidi ya milioni 200 zilikuwa zimefunguliwa.

Sasa nikupeleke Umoja, Nairobi, mwaka wa 2006. Anko wangu, mdogo wa mwisho wa mama, alikuwa amemaliza Form Four na anangoja kujua maisha yatamtupa wapi. Karibu na stage kulikuwa na cyber, bob moja kwa dakika. Kumbuka hiyo ni kabla ya nyaya za baharini. TEAMS na SEACOM zilifika pwani ya Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa inaenda angani kwa setilaiti na kurudi, polepole kama mtu anatafuta chenji. Gemu kubwa za ng'ambo hazingeweza. RuneScape iliweza, juu ilikuwa nyepesi. Ndiyo maana kijana wa Umoja, na ishirini bob mfukoni, angeweza kusimama mahali pamoja na mtoto wa Texas. Kwa dakika ishirini.

Karamu

Ukiongea na wale walicheza miaka hiyo, wote huleta story zile zile, na nyingi ni za kuumia.

Kulikuwa na ukora wa kila aina. Msee anakukujia na maneno matamu: nipe hiyo nguo yako ya vita niipambe kwa dhahabu, ni bure. Unampa. Anapotea. Mwingine anakuambia mpe pesa azirudishe mara mbili. Anarudisha za kwanza kweli, ndogo, ndiyo ukiweka kubwa atoroke nazo. Anko huapa kwamba ndiyo sababu hajawahi kuliwa pesa na SMS za "tuma kwa hii namba". Alishasomea huo ukora akiwa na miaka kumi na nane, karo ikiwa samaki.

Halafu kulikuwa na Wilderness, nyika ya kaskazini ambapo mchezaji yeyote angeweza kukuua na kuchukua karibu kila kitu umebeba. Hakuna polisi. Anko alienda huko siku moja amevaa vitu vyote alivyokuwa navyo, miezi minne ya bob moja kwa dakika, na umeme wa cyber ukapotea. Uliporudi alijikuta Lumbridge, kamji ka kuanzia, akiwa uchi. Hajawahi kuimaliza hiyo story bila kusimama.

Na kuna tarehe moja ambayo wachezaji wa zamani huitaja kama vile wazee wetu hutaja mwaka wa njaa: 6 Juni 2006. Mchezaji wa kwanza kufikia 99 kwa kazi ya ujenzi alifanya sherehe nyumbani kwake ndani ya gemu. Watu wakajaa mpaka akalazimika kuwatoa. Kwa sababu ya kosa kwa programu, baadhi ya waliotolewa wakiwa kwenye uwanja wa kupigania wa nyumba hiyo walitoka nje wakiwa bado wanaweza kushambulia watu, mahali popote, na watu hao hawangeweza kujitetea. Mmoja wao akazunguka mji wa Falador akiua. Watu wakapoteza mali ya miaka. Ilikuwa ni gemu, ndiyo. Lakini masaa yaliyopotea yalikuwa ya ukweli.

Nasema karamu juu hivyo ndivyo anko alikuwa anaiita. Mwaka wa 2010, nikiwa na miaka saba, alikuwa ananibeba cyber wikendi. Sasa alikuwa na kazi kidogo ya mjengo na intaneti ilikuwa imechangamka. Alinikalisha kwa goti, ananiachia nibonyeze miti. Nilikuwa naona ni maajabu. Yeye alikuwa anatingisha kichwa: "Wewe umekuja watu wakiosha sufuria."

Vile iliharibika

Alikuwa na haki, na hapa historia iko wazi.

Gemu ikishakuwa na pesa ya ndani ambayo watu wanaitaka, kuna mtu ataiuza kwa pesa ya nje. Kufikia 2007 kulikuwa na biashara kubwa ya kuuza dhahabu ya RuneScape, na sehemu yake iliendeshwa kwa kadi za benki zilizoibiwa: unalipia akaunti kwa kadi ya mtu, unachimba dhahabu, unauza. Mwenye kadi akilalamika, benki inairudia Jagex. Kampuni ikaona itazama. Desemba 2007 ikakata mzizi: ikaondoa vita vya wachezaji kwa Wilderness, na mwanzo wa 2008 ikaweka kikomo kwa biashara kati ya watu, ili usiweze tena kumpa mtu mali bila yeye kukupa kitu cha thamani inayokaribiana.

Wauzaji wa dhahabu waliumia. Lakini hata yule msee alitaka kumzawadia rafiki yake upanga aliumia. Wachezaji wakaandamana ndani ya gemu, wakajazana kwa miji wakipiga kelele kwa maandishi. Wengi wakatoka.

Miaka mitatu baadaye Jagex ikauliza watu kama wanataka vitu hivyo virudi. Kura zaidi ya milioni 1.2 zikapigwa, asilimia 91 wakasema ndiyo. Tarehe 1 Februari 2011 Wilderness na biashara huru zikarudi. Ungedhani wamejifunza. Mwaka uliofuata wakaleta gurudumu la bahati nasibu ambalo ungeweza kulizungusha kwa pesa yako, na Novemba 2012 wakabadilisha mfumo mzima wa kupigana ili ufanane na gemu zingine kubwa za wakati huo. Ulikuwa umezoea kubonyeza adui na kungoja. Sasa kuna safu ya vitufe na hesabu za sekunde. Mtu aliyeijua gemu kwa miaka minane akaamka akiwa mgeni kwake mwenyewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa tone la mwisho. Watu wakaanza kuuliza kitu kimoja: mmeweka wapi ile ya zamani?

Kura ya mwaka

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba haipo. Halafu mwanzo wa 2013 Jagex ikasema imepata nakala ya akiba, bakapu, ya Agosti 2007. Fikiria tarehe hiyo vizuri. Ni miezi minne kabla Wilderness haijafungwa. Kwa bahati tu, nakala iliyosalia ilikuwa imepigwa wakati karamu bado iko moto.

Februari 2013 kura ikafunguliwa: mnataka tuirudishe? Watu 449,351 wakapiga. Tarehe 22 Februari seva zikafunguliwa, na gemu ikapewa jina Old School RuneScape.

Sasa sikiza, juu hapa ndipo mimi huona kitu ambacho wengi huruka. Ile nakala ilikuwa na ulimwengu, haikuwa na watu. Miti ilirudi, majumba yalirudi, joka lilirudi. Mali yako haikurudi. Hata kama ulikuwa tajiri namna gani mwaka wa 2007, uliingia siku ya kwanza bila kitu, pamoja na kila mtu mwingine, na ukaanza kuua kuku.

Na watu walifurahi! Hiyo ndiyo inanishangaza. Mtu ana miaka 25, ana kazi, ana nyumba ya kulipia, na anafurahi kurudishwa mwanzo kabisa. Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu walikuwa wanaambiwa kila siku kwamba kuanza upya ni aibu, na hapa ni mahali ambapo kila mtu ameanza upya siku moja, na hakuna wa kukucheka.

Si gemu hii peke yake. Watu wa World of Warcraft walipitia hayo hayo. Mwaka wa 2013 mchezaji aliuliza kama kampuni ya Blizzard ingeweza kurudisha seva za zamani, na mkubwa mmoja wa huko akamjibu mbele ya watu kwamba anadhani anazitaka lakini hazitaki. Mashabiki wakajijengea seva yao isiyo rasmi, Nostalrius. Aprili 2016 ikafungwa baada ya barua za mawakili wa Blizzard, na watu zaidi ya 200,000 wakatia sahihi kulalamika. Agosti 2019 Blizzard yenyewe ikafungua World of Warcraft Classic, na foleni za kuingia zikawa ndefu kuliko za Huduma Center. Kumbe watu walikuwa wanajua wanachotaka.

Waliirudisha zamani, kisha wakaibadilisha

Lakini usidhani walikaa 2007 milele. Mwaka mmoja ukiuishi kwa miaka kumi unaisha.

Jagex iliweka sheria moja ambayo serikali nyingi hazingeithubutu: hakuna kitu kikubwa kipya kinaingia Old School bila wachezaji kupiga kura, na lazima asilimia 75 wakubali. Mwaka wa 2022 ikashushwa mpaka 70. Si nusu na moja. Karibu watu watatu kati ya wanne.

Angalia walichopitisha. Agosti 2007 hakukuwa na soko la pamoja. Ulikuwa unasimama mjini Varrock ukipiga kelele "nauza kamba, nauza kamba", yule samaki wa bei, kama makanga wa route 33. Soko la Grand Exchange lilikuja Novemba 2007, kwa hivyo halikuwa kwa nakala. Mwanzoni watu walifurahia kelele hizo. Mwaka wa 2015 wakalipigia kura lirudi. Kelele walizozikosa kwa miaka sita ziliwachosha kwa miwili.

Mwaka wa 2023 wakakubali kazi mpya kabisa ya kujifunza, ubaharia, na Novemba 2025 ikaingia. Kwa mtu aliyesema anataka 2007 na 2007 tu, huo ni usaliti. Lakini ndio wale wale walipiga kura. Kwa hivyo nadhani hawakuwa wanataka tarehe. Walikuwa wanataka mahali ambapo wakiulizwa, jibu lao linahesabiwa.

Na si kila zamani iliokolewa. Ile gemu ya kwanza kabisa ya 2001 ilikuwa imeachwa ikiwashwa kwenye kona, na wachache waaminifu. Tarehe 6 Agosti 2018 ikazimwa. Vifaa vyake vilikuwa vimezeeka na wakora wa programu za kujichezea walikuwa wameijaza. Baadaye kampuni yenyewe ikauzwa na kuuzwa tena: Carlyle mwaka wa 2021, CVC na wenzake mwaka wa 2024. Utoto wa watu ni mali ya mtu fulani, na mtu huyo anaweza kuuza. Ukiweka kumbukumbu zako zote kwa seva ya mwingine, jua ufunguo ako nao nani.

Wale ambao hawakuja kukumbuka

Kuna kundi lingine lazima nilitaje, juu wengi wakiandika historia hii ya kurudi utotoni hulisahau.

Venezuela, uchumi ulipoporomoka baada ya bei ya mafuta kushuka mwaka wa 2014, pesa yao ikawa karatasi. Kufikia 2017 vijana wengi wa huko walikuwa wameingia Old School kuua majoka ya kijani masaa kumi, kumi na mawili kwa siku, wakiuza dhahabu kwa dola. Ni kinyume cha sheria za gemu. Lakini ilikuwa inalipa kuliko mshahara wa chini wa nchi yao. Machi 2019 umeme ulipopotea nchi nzima kwa siku kadhaa, bei ya dhahabu ya RuneScape ikapanda, juu wachimbaji walikuwa gizani.

Wachezaji wengine hawakuwaonea huruma. Mwaka wa 2017 kulikuwa na watu waliosambaza maelezo ya jinsi ya kuwawinda na kuwaua pale kwa majoka, mpaka na maneno ya Kihispania ya kuwachokoza.

Mimi hilo linanigusa vibaya. Baada ya kutoka kampasi nililipa rent kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za darasa. Sijivunii. Usiku wa manane, mimi ambaye sikumaliza mwaka wa pili nikimwandikia mtu wa mwaka wa nne. Kwa hivyo nikisikia msee wa Marekani akisema Wavenezuela wanamharibia gemu ya utoto, najua ukweli uko pande zote mbili. Gemu ni yake ya jioni. Kwa yule mwingine ni shamba.

Vizazi vitatu kwa mti mmoja

Tarehe 30 Oktoba 2018 Old School ikaingia kwa simu. Si toleo la kando: ulimwengu ule ule, akaunti ile ile, wewe kwa kompyuta na mimi kwa simu tumesimama pamoja. Hapo ndipo watu wa umri wote wakaanza kuchanganyika. Mzazi anacheza mtoto akilala. Askari wa usiku anacheza kwa lindo. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 2007 wakaiona kwa video wakaja kuangalia. Mwaka wa 2025 wachezaji walipita 200,000 kwa wakati mmoja. Gemu ya miaka ishirini na zaidi, na michoro ya sanduku, ina watu wengi kuliko ilivyokuwa nao watu wakiililia.

Anko alienda Doha mwaka wa 2013. Ako na kazi ya ulinzi, zamu ya usiku, jengo ambalo hakuna kitu hufanyika. Mwaka jana akanitumia voice note: "Wewe mtoto, si ulikuwa unapenda kukata miti? Weka hiyo kitu kwa simu, unipate Lumbridge."

Nikaweka. Ilikuwa ajabu kidogo. Nilikuwa natambua kila kona: daraja, kasri, ng'ombe. Lakini hii ilikuwa 2007, na mimi nilikaa kwa goti lake 2010. Wilderness ilikuwa wazi. Biashara ilikuwa huru. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya karamu aliyoniambia nimeikosa. Nilikuwa narudi mahali ambapo sikuwahi kufika.

Tulikuwa watatu. Mtoto wake, ako na miaka kumi na moja, anakaa na mamake Kitengela, na hucheza Jumamosi akipewa simu. Alianza kwa kucheka: "Baba, kwani hii watu hawana vidole?" Wiki tatu baadaye alikuwa ametupita sote. Anajua njia fupi zote, ameziona kwa video. Anko alikuwa anataka kumfundisha kuvua, akakuta ni yeye anafundishwa. Nilimwona kwa maandishi akinyamaza kidogo, halafu akaandika: "Sawa mwalimu." Nadhani ile ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe. Mtu anamwona mtoto wake mara moja kwa miaka miwili, na Jumamosi wanakata mti mmoja.

Usiku mmoja mtoto alikuwa amelala, tumebaki wawili kwa mti. Kukata miti kwa gemu hii ni kubonyeza mara moja na kungoja, kwa hivyo watu huongea. Akaniuliza, "Kampasi iko aje?"

Nilikuwa nimetoka miezi mitano. Karo ilikuwa imenishinda, nikakosa mitihani, na badala ya kumwambia mtu nilikuwa naamka asubuhi Jumatatu natoka na begi nikipiga simu nyumbani. Mama alikuwa bado ananitumia elfu mbili, elfu tatu, pesa ya mtu anauza mboga.

Sijui kwa nini niliandika. Labda kwa sababu hakuwa ananiona. Niliandika, "Anko, niliacha."

Mti ukatoa kuni. Ukatoa zingine. Akaandika, "Mama yako anajua?"

"Hapana."

Mti ukaisha, sote tukahamia ule mwingine bila kusema. Kisha akaandika: "Mimi nilianguka nikiwa na kila kitu Wilderness nikalia cyber mbele ya watu. Kesho yake nilirudi nikaanza na kuku. Kuku si shida. Shida ni wewe unatembea ukijifanya bado umevaa zile nguo. Mwambie mama kabla mwezi uishe, ama nitamwambia mimi."

Nilimwambia Jumapili hiyo. Sitasema ilienda vizuri. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kuhusu pesa aliyonitumia, na hapo nilikosa jibu. Bado namrudishia pole pole.

92 ni nusu ya 99

Kuna hesabu moja kila mchezaji wa RuneScape anaijua. Kufikia kiwango 99 unahitaji pointi 13,034,431. Ukifika kiwango 92 unadhani umebakisha kidogo tu. Hapana. 92 ni pointi 6,517,253. Ni nusu. Viwango saba vya mwisho ni sawa na vile tisini na mbili vya kwanza.

Watu huitumia kukatishana tamaa. Mimi naisoma kwa upande mwingine. Kiwango 1 mpaka 50 kinaenda haraka sana. Mtu anayeanza upya anasonga kuliko mtu yeyote mwingine kwa gemu. Ni vile tu yeye mwenyewe anaangalia walio mbele.

Kwa hivyo nikisikia mtu anasema "turudi 2007", ama 2002, ama 2010, sasa mimi humuuliza: ukirudi, utakubali kurudi bila mali yako? Juu hao wasee 449,351 walipewa mwaka wao, na masharti yalikuwa hayo. Walipewa mahali. Kila kitu kingine walikata wenyewe, mti mmoja baada ya mwingine.

Niko kiwango 71 kwa kukata miti. Jumamosi yule mdogo atanicheka tena. Na wewe, ukipewa mwaka mmoja, ungechagua gani, na ungeenda na nani?